Huyu samaki ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutambua samaki wa mapambo wa baharini

Kila bamvua kubwa ikipita, simu yangu hujaa picha. Mmoja ameona kitu cha ajabu kwenye kidimbwi cha mwamba Nyali, mwingine kauziwa samaki ndani ya ndoo huko Bamburi bila jina, wa tatu kaachiwa tangi zima na shemeji aliyehamia Nairobi. Swali lao ni moja. Mimi si mtaalamu wa chuo. Nimefuga samaki wa maji ya chumvi hapa Mombasa kwa miaka mingi, na makosa yangu ni mengi kuliko matangi yangu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na ninavyoyajibu.

Nimepata samaki nisiyemjua kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye umbo, wala si kwenye rangi. Najua rangi ndiyo iliyokufanya utoe pesa mfukoni, lakini rangi ni kanzu: huvaliwa na kuvuliwa. Mifupa haibadiliki.

Mtazame ubavuni. Amebanwa kama sahani, au ni mrefu kama kalamu, au ni wa pembe pembe kama kijisanduku? Mdomo wake uko ncha ya kichwa, umeelekea juu, au umejificha chini ya pua? Pezi la mgongoni ni moja lililoungana au ni mawili yaliyoachana? Mkia umekatwa wima, umechongwa kama mwezi mchanga, au ni wa duara?

Kisha tafuta silaha zake, maana hizo humtaja kwa jina la ukoo. Akiwa na wembe kwenye shina la mkia, pale mwili unapokuwa mwembamba kabla ya mkia wenyewe, huyo ni jamaa ya kangaja. Wembe wa kangaja hukunjika ukalala kwenye ala yake. Wa puju haukunjiki, umesimama siku zote. Akiwa na mwiba wa mgongoni ambao ukisimama huwezi kuulaza hata kwa nguvu mpaka ubonyeze ule mdogo ulio nyuma yake, umeshika kikande. Akijijaza akawa mpira, hilo halihitaji mwalimu: ni bunju au ndugu yake mwenye miiba.

Mfano ninaoupenda ni wa kitatange. Wavuvi wetu hutumia jina hilo kwa samaki wengi wa umbo la sahani, wenye rangi za kupendeza na mdomo mdogo. Ukimtazama vizuri kwenye shavu, utaona kama kuna mwiba imara unaochomoza nyuma kwenye ukingo wa chini wa kifuniko cha matamvua. Ukiwepo, yuko familia ya Pomacanthidae. Usipokuwepo, yuko familia ya Chaetodontidae. Mwiba mmoja tu, lakini unakwambia mambo mengi: wa kundi la pili wako wengi wanaokula matumbawe hai peke yake, na ukimweka kwenye tangi la kawaida atakufa na njaa huku chakula kikielea mbele ya macho yake.

Mbona unaipuuza rangi hivyo? Si ndiyo inayoonekana?

Siipuuzi, naiweka mwisho. Sababu ni nne: umri, jinsia, usiku na hofu.

Umri ndio unaodanganya zaidi. Pomacanthus imperator akiwa mchanga ni wa buluu iliyokolea karibu na nyeusi, na ana miduara myeupe iliyo ndani kwa ndani kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani. Akikua anakuwa na mistari ya njano iliyolala kwenye mwili wa buluu, na kitambaa cheusi machoni. Ukiwaweka wawili hao pamoja, mtu asiyejua ataapa hawana hata babu mmoja. Mabadiliko huanza akikaribia sentimita 10 hivi, na kati ya hapo huwa na sura ya katikati isiyopatikana kwenye picha nyingi. Ndiyo maana watu huniandikia wakidhani wamegundua samaki mpya.

Ndugu yake, Pomacanthus semicirculatus, naye akiwa mchanga ana mistari myeupe na ya buluu, ila mistari yake ni nusu duara, haifungi ikawa pete kamili karibu na mkia kama ya mwenzake. Hapo ndipo pa kutazama. Na akianza kukua, alama za mkiani hujipinda kiasi kwamba wafanyabiashara wa Ulaya walimpa jina linalotaja Kurani, kwa kuona zinafanana na herufi za Kiarabu. Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa Mji wa Kale mbele ya tangi, kavaa miwani, anajaribu kusoma. Alisema mwandishi ana mwandiko mbaya.

Jinsia nayo ina mambo. Pseudanthias squamipinnis, wale wadogo wanaocheza makundi makundi juu ya mwamba, majike ni ya rangi ya chungwa na madume ni ya zambarau nyekundu, na mwiba mmoja wa mgongoni umerefuka kama bendera. Tena dume akitoweka, jike kubwa hugeuka dume. Pono vilevile: samaki wa kahawia na samaki wa kijani uliyewaona Marikiti kwenye meza moja huenda ni spishi ile ile. Wataalamu wa zamani nao walinaswa hapo, wakaandika majina mawili kwa mke na mume.

Usiku na hofu ni fupi: samaki wengi hufifia au kupata mabaka wakilala, na aliyetolewa kwenye ndoo sasa hivi ana rangi ya woga. Mpe siku moja gizani kiasi, ndipo umhukumu.

Nilinunua samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, nikaambiwa husafisha wenzake. Sasa anawang'ata mapezi. Ameharibikaje?

Hajaharibika. Umeuziwa mwigaji.

Msafishaji wa kweli ni Labroides dimidiatus. Husimama mahali pake mwambani, na samaki wakubwa, hata chewa, hupanga foleni aingie mpaka mdomoni kuwatoa vimelea. Kwa kuwa hakuna anayemla, yuko samaki mwingine aliyevaa kanzu ile ile: Aspidontus taeniatus. Huyu hukaribia kwa heshima zote kisha hung'oa kipande cha pezi.

Tofauti iko mdomoni. Wa kweli mdomo wake uko ncha kabisa ya kichwa. Mwigaji pua imetangulia na mdomo umekaa chini yake, kama wa papa mdogo. Mtazame kwa upande, si kwa juu. Ukishauona mara moja hutadanganywa tena.

Kuna jozi nyingine ya namna hii: Canthigaster valentini, bunju mdogo mwenye sumu na mabaka manne meusi mgongoni, na Paraluteres prionurus anayemwiga bila kuwa na sumu. Hapo tazama mapezi ya mgongoni na ya chini nyuma. Ya bunju ni mafupi, yana shina jembamba. Ya mwigaji yametanda marefu.

Nipige picha gani ili nijibiwe?

Ubavu mzima, kuanzia ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia, mapezi yakiwa wazi. Futa kioo ndani na nje. Zima taa za buluu za tangi, washa nyeupe, na usitumie mmweko wa simu kwa sababu magamba hurudisha mwanga na mistari inapotea. Piga nyingi. Samaki anayeogelea kuelekea kwako hana maana yoyote kwangu. Nitaona macho mawili na mdomo.

Kama unamweza bila kumtesa, mweke dakika mbili kwenye chombo kidogo chenye kuta wazi na maji yale yale ya tangi, pamoja na rula nyuma yake. Urefu husaidia sana.

Niandikie pia alipotoka. "Kidimbwini Shanzu, maji yakiwa kupwa" ni jibu nusu tayari. "Nimepewa na rafiki" si kitu.

Programu ya simu imenipa jina kwa sekunde moja. Si inatosha?

Inatosha kuanzia. Shida yake ni kwamba picha nyingi zilizoko mtandaoni zimepigwa Pasifiki, Hawaii na Australia, na programu hupenda kukupa jamaa wa huko badala ya wa kwetu. Bahari ya Hindi ina spishi zake zinazofanana sana na za Pasifiki, na hapo ndipo jina linapokwenda mrama.

Kangaja mwenye mapezi makubwa kama tanga: wa kwetu ni Zebrasoma desjardinii, wa Pasifiki ni Zebrasoma veliferum. Mkia wa wetu una vidoti, wa mwenzake hauna. Kitatange wa njano mwenye mistari ya zambarau iliyolala: wa kwetu ni Chaetodon trifasciatus, ana rangi ya chungwa kwenye shina la mkia, wa Pasifiki, Chaetodon lunulatus, hana. Yule mwenye pua ndefu kama mdomo wa ndege: wa kwetu Gomphosus caeruleus, wa kule Gomphosus varius. Hata Paracanthurus hepatus wa buluu, ambaye ni spishi moja bahari zote mbili, wa upande wetu huwa na tumbo la manjano.

Kwa hiyo ukipewa jina, fungua FishBase, ile hazina ya taarifa za samaki iliyoko mtandaoni, usome anaishi wapi. Ikisema Pasifiki tu na wewe umemtoa Kikambala, tafuta ndugu yake wa Bahari ya Hindi.

Jirani anasema samaki wake wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe kamvua mwenyewe hapa Nyali. Kweli?

Sidhani. Huyo wa mistari mitatu, Amphiprion ocellaris, asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Akionekana Mombasa amekuja kwa ndege, na mara nyingi kazaliwa tangini maana ni miongoni mwa samaki wa baharini wanaozalishwa kwa urahisi.

Sisi tunao wawili wa kuwajua. Amphiprion akallopisos ni wa rangi ya chungwa iliyopauka, na mstari mweupe mmoja tu unaopita mgongoni kutoka mdomo wa juu hadi mkiani. Amphiprion allardi ni mweusi mweusi, na mikanda miwili myeupe iliyosimama. Wote hukaa ndani ya anemoni. Jirani akikuonyesha mmoja wa hawa, mwombe radhi.

Kuna haja gani ya majina ya Kilatini? Mababu zetu walivua bila hayo.

Walivua, na majina yao ni hazina. Lakini yalitungwa kwa ajili ya chungu na soko. Kangaja ni kangaja, analiwa au haliwi, bei yake ni hii. Mfugaji anahitaji kujua kangaja yupi, kwa sababu Acanthurus leucosternon, yule wa buluu mwenye kidevu cheupe na pezi la manjano mgongoni, ni mgomvi na mwepesi wa kuugua, na Acanthurus triostegus mwenye mistari myeusi kama pundamilia ana tabia nyingine. Tena jina moja linaweza kumaanisha samaki tofauti ukitoka Lamu ukafika Vanga.

Majina ya biashara yaliyoandikwa kwenye makaratasi ya wauzaji ndiyo mabaya zaidi. Hayo hubadilishwa ili samaki auzike.

Na Kilatini chenyewe si kigeni kama unavyodhani. Peter Forsskål, Mswidi aliyekuwa kwenye msafara wa Denmark kwenda Uarabuni, alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775. Alikuwa akiwauliza wavuvi wa Bahari ya Shamu majina ya samaki wao, akayaandika kama alivyoyasikia. Ndiyo maana mpaka leo changu mwenye doa jeusi ubavuni anaitwa Lethrinus harak, na pono mmoja anaitwa Scarus ghobban. Harak na ghobban ni maneno ya wavuvi wa Kiarabu. Laiti angelifika Mombasa, huenda leo dunia nzima ingekuwa ikitamka "kitatange".

Kuhesabu miiba kuna faida, au ni mbwembwe za wataalamu?

Mara nyingi hutahitaji. Chukua Zanclus cornutus na Heniochus acuminatus, wote weusi kwa weupe na njano, wote na uzi mrefu mgongoni. Hapo mkia unatosha: wa Zanclus ni mweusi, wa Heniochus ni wa manjano.

Lakini ukitaka kumtenga Heniochus acuminatus na ndugu yake Heniochus diphreutes, utahesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: kwa kawaida 11 kwa wa kwanza, 12 kwa wa pili. Hesabu kwenye picha uliyoikuza, si kwa kidole.

Naweza kumshika nimtazame vizuri?

Usimshike usiyemjua. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu wanaoumia zaidi ni watoto, na wanaumizwa na samaki wazuri.

Ngogo wachanga, Plotosus lineatus, hutembea wamesongamana kama mpira mweusi wenye mistari myeupe, na kila mtoto anayewaona kidimbwini hutaka kuwateka. Wana miiba ya sumu, mmoja mgongoni na miwili kifuani. Pterois miles, yule mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo, kila mtu humwogopa kwa hiyo hana madhara mengi. Mbaya wao ni samaki jiwe, Synanceia verrucosa. Ana miiba 13 mgongoni yenye sumu kali, na amelala pale kama kipande cha mwamba kilichoota ukoga. Ukitembea mwambani maji yakiwa kupwa, vaa viatu vya soli nene na uburure mguu.

Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji moto kiasi ngozi inachostahimili, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Jaribu joto kwanza kwa mkono ambao haukuchomwa, maana uliochomwa haujui tena moto ni upi. Kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Je, nimtie tangini na wenzake wakati nikiendelea kumtafuta jina?

La. Mweke peke yake, wiki nne au zaidi. Sababu ya kwanza ni magonjwa, ya pili ni yaliyonipata mimi.

Nilipokuwa mgeni wa mambo haya niliuziwa kisamaki cheupe cha sentimita 5, na mabaka mawili ya chungwa mgongoni na juu yake macho mawili ya uongo. Muuzaji alisema hakui. Alikuwa Coris aygula mchanga, samaki anayeweza kupita mita moja. Hakufika huko kwangu, lakini alifika pa kutosha: alipindua mawe, akala kamba wangu wawili na kaa mmoja, akabadilika rangi akawa kama mtu mwingine, na mwisho nilimpa mwenye tangi kubwa kuliko chumba changu. Ningelikuwa na subira ya kumtambua, kamba wangu wangeliishi.

Mwingine wa kumhadhari ni Ostracion cubicus, kijisanduku cha njano chenye vidoti vyeusi. Akitishika hutoa sumu ya utelezi kwenye ngozi, na kwenye tangi dogo inaweza kuua wote, yeye mwenyewe pia.

Amekufa kabla sijamjua. Nimtupe?

Usimtupe. Piga picha sasa hivi, kabla rangi haijaondoka. Mlaze ubavu kwenye kitu cheupe, tandaza mapezi kwa pini, weka rula, kisha mtie kwenye friza. Maiti huhesabika miiba vizuri kuliko aliye hai.

Naruhusiwa kuwavua mwenyewe?

Kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunataka leseni, kaulize ofisi ya uvuvi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, hakivuliwi chochote, hata kisamaki cha urefu wa kidole. Farasi wa baharini na matumbawe magumu wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo usithubutu kuwatia kwenye sanduku la safari.

Nimeshindwa kabisa. Nani wa kunisaidia?

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, makao yake makuu yako hapa hapa, Mkomani. iNaturalist nayo inafaa: weka picha na mahali, na watu wa nchi mbalimbali watakujibu, baadhi yao wanaijua familia moja ya samaki kuliko wanavyowajua majirani zao.

Na wakati mwingine jibu la kweli ni kuishia njiani. Ukiandika "Pterois sp." maana yake unajua jenasi, yaani neno la kwanza la jina, na hukufika kwenye spishi. Pterois miles na Pterois volitans wanakaribiana mno, picha peke yake mara nyingi haiwatengi. Si aibu. Aibu ni kutia jina kamili usilolijua, likasambaa.

Nimechoka naye. Nimrudishe baharini?

Kama hakutoka kwenye mwamba huu huu, hapana. Pterois wa kwetu na wa Pasifiki walionekana Florida mwaka 1985, na leo wamejaa Karibi wakila vifaranga vya samaki wa huko, na wanaotajwa kuwafikisha ni wafugaji wa matangi. Mpe mfugaji mwingine. Hata aliyetoka Nyali, akishakaa na samaki wa kutoka nje huenda amebeba ugonjwa wao.

Nilikutumia picha wiki mbili zilizopita na hujanijibu.

Ulimpiga kwa juu. Rudia, ubavuni.